Picha za Maktaba

Salma alivunja eda Jumanne asubuhi, kwa kupitia mlango wa uani, akiwa amevaa nikabu ya kuazima. Tusimpambe. Hakuwa anakwenda hospitali wala mahakamani, wala hakuwa na dharura yoyote ambayo shehe angeikubali. Alikuwa anakwenda kuangalia jinsi televisheni inavyotengenezwa.

Mumewe, Mbaruku, alikuwa mkaanga samaki wa soko la Feri. Siku moja alianguka mbele ya karai lake la mafuta na hakuinuka tena. Tangu siku hiyo Salma alikuwa anakaa katika chumba cha mbele cha nyumba ya wakwe zake, Magomeni, kama desturi inavyotaka: hakuna manukato, hakuna wanja, hakuna kutoka nje mpaka eda iishe. Sasa alikuwa katika mwezi wa tatu. Dari ya chumba kile aliijua msumari kwa msumari. Salma alimpenda mumewe, na aliendelea kumpenda, lakini mtu anaweza kumpenda marehemu na bado akachoshwa na dari.

Mwenye nyumba alikuwa mama yake Mbaruku, Bi Mwanamkuu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini ambayo hakuna mtu mtaani aliyewahi kuisikia ikipanda. Siku ya maziko Salma alipopiga kelele, Bi Mwanamkuu alimshika mkono akamwambia taratibu, "Nyumba hii haipigi kelele kwa maiti." Yeye mwenyewe hakutoa sauti. Mwanawe wa pekee wa kiume alibebwa, akapitishwa mlangoni, na mama mtu akakaa kimya na tasbihi yake. Watu wa Magomeni walimsifu sana kwa hilo. Walimsifu mpaka ikawa kama cheo.

Arobaini ilipopita, mbele ya ukoo mzima, Bi Mwanamkuu alitoa neno lake. "Salma akimaliza eda ya mwanangu humu ndani, chumba kile ni chake mpaka naye atolewe kwa jeneza. Akiivunja, arudi kwao."

Salma hakuwa na kwao. Wazazi wake walishakufa huko Mafia, na nyumba yao ilishakuwa ya watu wengine. Na kwa kuwa dunia haikosi watu wa kusubiri, alikuwapo wifi yake Zamda, dada wa marehemu, ambaye alikuwa akikitamani chumba cha mbele tangu alipoachika. Zamda alipita ukumbini mara nyingi kuliko mtu mwenye shughuli, na kila akipita sikio lilitangulia.

Aliyemtia Salma majaribuni alikuwa Sarla. Huyu, aliyeitwa pia Mama Utsav kwa jina la mwanawe, alikuwa Mhindi wa Mchafukoge, mwenye duka la vitambaa ambako Salma alikuwa akishona kabla ya msiba, na ulimi wake ulikuwa wa Kariakoo hasa. Kituo cha televisheni cha mkoa, kile kilichopo ghorofani karibu na sokoni, kilikuwa kimewaalika wafanyabiashara wa mtaa ule na mafundi wao waje kukitembelea. Sarla alikuja Magomeni kutoa pole kwa mara ya tatu, akaketi mkekani, na Zamda alipotoka kuchemsha chai akamwinamia Salma.

"Bibi anaenda kliniki ya macho Jumanne, si ndiyo?"

"Kila Jumanne, Mama Utsav. Anarudi baada ya adhuhuri."

"Na huyu mwingine?"

"Anaenda sokoni."

"Basi. Vaa ninja, ufunike uso, panda bajaji, njoo. Saa sita umerudi. Nani atajua? Wewe unakauka humu ndani, mwanangu. Mimi nakuona."

Salma alikataa. Alikataa Jumamosi, akakataa Jumapili, na Jumatatu usiku akageuka ubavu akaitazama dari, akajua kwamba atakwenda.

Na asubuhi ile, mwanzoni, ilikuwa raha. Aliona watu! Aliona mchuuzi wa sidiria akigombana na mgambo, akaona mikokoteni, akasikia muziki wa maduka matatu ukipigana kwa pamoja, na chini ya nikabu alitabasamu peke yake. Raha iliingia doa pale mapokezi tu. Mlinzi alitaka kila mgeni apigwe picha ya kadi.

"Mama, funua uso. Sekunde moja tu."

Salma akafunua. Kamera ndogo ikapepesa. Akapewa kadi ya kuning'iniza shingoni, uso wake mwenyewe ukiwa umeachama kama mtu aliyefumaniwa. Aliigeuza kadi upande wa nyuma, na kila ilipojigeuza yenyewe aliigeuza tena.

Aliyewatembeza alikuwa kijana mmoja aitwaye Allen, mwembamba, shati la kubana, mwenye sauti ya mtu aliyekwisha kusema maneno yale yale kwa makundi mengi. Aliwaonyesha chumba cha habari. Wageni walikuwa wametegemea kitu kikubwa; walikuta meza zimejaa nyaya, simu zinalia hazipokewi, na dada mmoja anakula chipsi mayai huku anaandika habari ya mafuriko. Fundi cherehani mmoja alinong'ona kwamba hata ofisi yake ni safi kuliko hii.

Kwenye kona alikaa Beno, mhariri wa picha, ambaye kazi yake ilikuwa kuunganisha picha za habari. Siku hiyo alikuwa amechafukwa.

"Allen! Hao wa Feri wamekwama kwenye foleni! Habari ya samaki iko kwenye ratiba na sina picha ya samaki hata mmoja!"

"Si uchukue maktaba?"

"Na maneno je? Mwandishi ndiyo huyo yuko kwenye foleni."

"Rogath atasoma mwenyewe juu ya picha, moja kwa moja."

Allen akawageukia wageni akicheka. "Hiyo ndiyo siri yetu, jamani. Picha tulizopiga zamani hatuzitupi, tunazihifadhi. Habari ikiwa ya samaki na samaki wa leo hatuna, tunawapa samaki wa mwaka jana. Samaki ni samaki, nani atamjua?"

Wageni wakaangua kicheko. Salma naye alicheka, kwa sauti, mara ya kwanza tangu msiba, na kicheko chake mwenyewe kikamshtua. Alijihisi kama amekanyaga kaburi. Akamvuta Sarla gauni.

"Mama Utsav, mimi sasa niende. Nimeshaona."

"Bado studio! Hujaona kitu."

"Nusu saa tu, mama," Allen alidakia, maana alikuwa na masikio. "Leo kuna mpira mchana, habari zimewahishwa. Mna bahati, mtaziona zikienda hewani. Twendeni haraka."

Kundi likasukumana kwenye ukumbi mwembamba, na Salma katikati yake, mbele mgongo wa fundi cherehani, nyuma tumbo la muuza mabegi. Alipata nafasi ya kugeuka mara moja tu. Hakugeuka. Aliogopa kupotea kwenye ngazi zile, aliogopa mlinzi, na kusema kweli aliogopa pia kurudi kwenye dari yake mapema kuliko ilivyolazimu.

Mlango wa studio ulikuwa mnene kama wa friji la bucha. Ulipofungwa nyuma yao, kelele zote za Kariakoo zilikatika. Ndani kulikuwa na baridi, mapazia meusi kila upande, na hakuna dirisha hata moja. Salma alitafuta dirisha kwa macho, akalikosa, akatafuta tena. Mwanamke aliyetoroka chumba chenye dirisha moja alikuwa amejileta mwenyewe kwenye chumba kisicho nalo.

Waliketishwa kwenye viti vya plastiki, hatua chache kutoka meza ya msomaji habari. Msomaji, Rogath, alikuwa mtu mzima mwenye koti zuri juu na kandambili chini, jambo lililowafurahisha sana kina mama. Allen alinyoosha kidole kwenye taa iliyo juu ya mlango.

"Sheria ni mbili. Taa ile ikiwa nyekundu, mlango haufunguliwi mpaka habari ziishe. Hata ukibanwa na haja, jibane. Ya pili, kimya. Rogath anaposoma juu ya picha, hamumwoni kwenye skrini lakini kipaza sauti chake kiko wazi. Ukikohoa, mkoa mzima umekusikia. Sawa? Na mwishoni tutageuza kamera, tuwaonyeshe mkipunga mkono, nyumbani wawaone."

Wageni wakafurahi, wakaanza kujipangusa nyuso. Salma hakujipangusa. Kituo hiki ndicho pekee Bi Mwanamkuu alichokijua duniani. Mchana hakuwa na kingine. Vijana wa mtaani walikuwa na simu zao na tamthilia zao, lakini Bi Mwanamkuu alikuwa na habari za mkoa, na akiwa kliniki Zamda ndiye aliyewasha televisheni amsikilizie, asije akalaumiwa. Kadi ilikuwa imejigeuza tena, uso wake juu kifuani. Na baibui alilovaa lilikuwa lile lenye pindo la kijani alilolishona mwenyewe, ambalo Zamda alilifua wiki iliyopita kwa mikono yake.

"Mwanangu," alimnong'oneza Allen, "mimi nitoke. Tafadhali."

"Umechelewa, mama. Ona."

Taa ikawaka nyekundu.

Sasa alikaa na roho juu. Muziki wa habari ulipigwa, Rogath akasalimia watazamaji kwa uso wa huzuni ya kikazi, na Salma akahesabu kitu kimoja tu: ni wapi kamera itaelekea mwishoni, na ni mgongo wa nani unaoweza kumficha. Wa muuza mabegi ulitosha. Alijivuta nyuma yake taratibu, kiti kikalia kidogo, Allen akamkazia macho. Aliganda. Habari ya barabara ikapita. Habari ya mafuriko ikapita. Alimwomba Mungu amsitiri leo tu, hatarudia, atamaliza eda yake akiwa ameitazama dari bila neno. Alimwahidi Mungu vitu vingi kwa dakika chache.

"Na huko Feri," Rogath akasoma, "bei ya samaki imeshuka wiki hii, na kuwapa nafuu wakazi wa jiji."

Kwenye skrini kubwa iliyo kando ya meza, Rogath akatoweka. Zikaja ndoo za dagaa. Ukaja moshi. Moshi ukasogea, na nyuma yake akasimama Mbaruku.

Alikuwa mzima. Alikuwa amevaa lile shati la bluu, kifungo cha pili hakipo, kile kifungo ambacho yeye Salma, fundi cherehani anayeshonea watu wa mji mzima, aliahidi kukishona kesho na kesho. Aligeuza vibua kwenye karai kwa kijiko kirefu. Alijipangusa jasho kwa kiwiko, kama alivyokuwa akijipangusa kila siku ya Mungu. Kisha akainua macho, akaona kamera, akacheka, akasema kitu. Midomo ilikwenda lakini sauti yake haikuwepo. Iliyokuwepo ilikuwa ya Rogath, ikitaja bei ya vibua. Chini ya skrini paliandikwa MAKTABA.

Salma alijua sheria. Alijua taa, alijua mlango, alijua kipaza sauti, alimjua Zamda. Yote aliyajua, na hakuna hata moja lililomfaa kitu.

"Mbaruku!" alipiga ukelele. "Mbaruku!"

Rogath alisita nusu sentensi. Kisha, mtu wa kazi, akaendelea na bei ya vibua. Sarla alimrukia Salma akamziba mdomo kwa kiganja, juu ya nikabu, macho yake yakiwa bado kwenye skrini, maana Sarla naye alikuwa ameona. Mbaruku alikuwa ameshaondoka. Palikuwa na ndoo nyingine na mikono ya watu wengine.

Na mlango haukufunguliwa. Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu. Habari za michezo zilisomwa zote, hali ya hewa ikasomwa, na Salma akakaa mle ndani akilia bila sauti, watu wazima wakimtazama kwa pembe za macho, asiweze kutoka, asiweze kumrudisha mtu yule kwenye skrini hata kidogo. Kamera haikugeuzwa kwa wageni. Hakukuwa na haja tena; sauti ilikwisha kumfichua.

Taa ilipozimika, hakusubiri pole ya mtu. Allen alikuwa anasema "Mama, samahani, sisi hatukujua," na alikuwa anasema kweli, maskini, lakini Salma alikuwa ameshafika kwenye ngazi.

Ndani ya bajaji alijipangia maneno. Atasema alikwenda hospitali. Hospitali gani yenye Rogath ndani? Atasema si yeye. Mwishoni aliyaacha maneno yote, akaanza kufikiria ni nguo zipi zitaenea kwenye begi moja. Alikuwa amepoteza nyumba yake kwa majina mawili, na yote mawili ni jina la mumewe.

Aliteremka nyuma ya nyumba, akapita uchochoroni, akasukuma mlango wa uani. Beseni la nguo za Zamda lilikuwa katikati ya ua, povu bado halijakauka, mwenyewe hayupo. Kwenye kizingiti cha ukumbi alikuwa amesimama Bi Mwanamkuu, ameshika mwimo wa mlango.

Kati ya siku zote, siku hiyo ndiyo kliniki ilikuwa imewarudisha watu mapema.

"Nani?" aliuliza.

"Mimi, mama."

Bi Mwanamkuu alinyoosha mkono hewani mpaka ukampata bega. Hakumpiga. Alimvuta ndani, akamwingiza chumbani kwake mwenyewe, chumba cha nyuma, ambako televisheni ilikuwa inaonyesha mpira bila sauti.

"Vua hilo. Na hilo la shingoni. Weka chini ya godoro. Kaa hapo mkekani. Shika mguu wangu, kanda."

Salma alivua, akaficha, akakaa, akashika mguu. Hakuwa hata amelipata joto la ule mguu pale nyayo ziliposikika ukumbini. Zamda alirudi, na hakurudi peke yake. Alikuwa ametoka mbio kumleta Mzee Abubakary, kaka mkubwa wa baba yao, ili awepo shahidi mwenye ndevu.

"Shikamoo, shemeji," Bi Mwanamkuu alisema kwa sauti yake ya chini. "Kuna nini mbona mbio?"

"Marahaba. Zamda anasema..." Mzee aliishia hapo. Alikuwa amemwona Salma mkekani.

Zamda naye alimwona. Mdomo ulibaki wazi. "Huyu ametokea wapi? Nimegonga chumbani kwake, kimya!"

"Ungegonga kwangu. Ananikanda miguu."

"Mama! Mimi nilikuwa uani nafua. Nimesikia kwa masikio yangu. TV imesema habari za samaki, halafu mtu akapiga kelele, 'Mbaruku, Mbaruku.' Sauti ya Salma ile! Imetoka kwenye TV!"

Mguu wa Bi Mwanamkuu ulikaza ndani ya viganja vya Salma.

"Imetoka chumba hiki," Bi Mwanamkuu alisema. "Aliyepiga kelele ni mimi."

"Wewe?" Mzee Abubakary aliuliza. Si kwamba alimkatalia. Alikuwa amestaajabu tu. Alikuwepo siku ya maziko.

"Mimi. Wamemwonyesha mwanangu kwenye televisheni, anakaanga samaki. Nikapiga kelele kama mwehu. Nenda kawaambie watu, Zamda, kama ndicho unachotaka. Waambie Mwanamkuu amemlilia maiti kwa sauti."

"Lakini mama, macho yako..."

"Mwanangu nimjue kwa macho?"

Mzee Abubakary alitazama chini, akajikohoza, akasema Mungu amrehemu marehemu, na akamshika Zamda kiwiko akatoka naye. Kabla ya alasiri mtaa mzima ulikuwa umeshajua kwamba Bi Mwanamkuu naye ni mtu kama watu wengine. Sifa yake ya miaka yote iliisha mchana ule.

Bi Mwanamkuu aliinuka, akapapasa mpaka mlangoni, akasukuma komeo. Salma alilisikia likiingia. Alisubiri tusi. Alilitaka kabisa.

"Mama, nisamehe. Sikuwa na dharura. Nilichoka tu."

"Nimejua umechoka. Hata mimi nimechoka. Na hutoki tena, Salma. Hata kibarazani. Utamaliza eda ya mwanangu humu, na mimi nitaketi mlangoni." Alirudi, akaketi mkekani, magoti yakigusa ya mkwewe. Macho yake, yaliyofunikwa na ukungu mweupe, yalielekea mahali fulani juu ya bega la Salma. "Wamesema leo hayatapona. Yote mawili. Sijamwambia mtu."

Salma aliyatazama macho yale.

"Sikuona kitu, mwanangu. Mwanga tu unachezacheza. Nilikuwa nasikiliza bei ya samaki kama mjinga, na mwanangu yuko mbele ya uso wangu. Ulipomwita ndipo nikajua kwamba yumo." Sauti ile ambayo haijawahi kupanda ikapanda. "Nikanyoosha mkono nikashika kioo. Kilikuwa cha moto. Nikakishika mpaka wakaanza kusema habari za mpira."

Walilia wote wawili, na mlango umefungwa, na ilikuwa kelele haswa, na aliyepita ukumbini na asikie.

Walipochoka, Bi Mwanamkuu alijipangusa kwa ncha ya kanga, akamshika Salma mkono.

"Alivaa nini?"

"Shati la bluu, mama. Moshi uliposogea ndipo nikaliona."

"Lile lisilo na kifungo? Ulikishona?"

"Sikukishona."

"Ndiyo lile basi," Bi Mwanamkuu alisema, na akajisogeza karibu zaidi. "Haya. Anza pale moshi uliposogea. Polepole, usiruke kitu."